Mama Alipoingia Mtoni

Siku mjomba alipotoka Mbeya kuja kumwambia mama kwamba asipopungua hataingia katika msafara wa Hija, mama alikuwa ameketi kwenye jamvi dukani, akikunja kaniki, na hakuweza kuinuka kumpokea ndugu yake. Alijaribu. Aliweka mkono wa kulia chini, akajisukuma, akarudi alipokuwa. Mimi nikamshika upande mmoja, mteja mmoja akamshika upande wa pili, tukamsimamisha. Mjomba alisimama mlangoni na mwavuli wake mkononi akitutazama mpaka tulipomaliza. Kisha akasalimu.

Ilikuwa Iringa, katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafundisha darasa la kwanza katika shule ya wasichana. Baba alikuwa amekufa miaka mitatu kabla, akamwachia mama duka la nguo na mchele wa Usangu, na azma ambayo walikuwa nayo wote wawili, ya kwenda Makka. Nauli ilikuwa tayari. Mwanamke hasafiri Hija peke yake, lazima awe na mwanamume asiyeweza kumwoa, na mama alikuwa na mmoja tu chini ya jua: huyo mjomba, mdogo wake, mfanyabiashara wa Mbeya, ambaye mwaka uliokuwa unakuja angekwenda.

"Dada," alisema baada ya chai, "kiongozi wa msafara ameniambia wazi. Mtu wa kuinuliwa na watu wawili hamchukui. Melini kuna ngazi. Kule kuna jua, kuna mawe, kuna umati. Nani atakubeba, dada?"

"Kwani mimi gunia?"

"Hujawa gunia, dada. Lakini unalikaribia."

Akacheka. Tumbo lake likacheka pamoja naye, maana mjomba naye alikuwa na tumbo lililotangulia shati. Hakuna aliyemuuliza kama ngazi za meli zingemvumilia yeye.

Nataka niseme unene ule ulitoka wapi, kwa sababu wote waliomcheka mama mwaka ule walishiriki kuupika. Mama aliletwa Iringa akiwa bibi harusi mwembamba kutoka kijiji cha pwani, upande wa kusini. Mtaa wetu ulikuwa wa watu wa pwani na wafanyabiashara, na desturi yake ilikuwa moja: mke wa mwenye duka hateki maji, halimi, habebi mzigo, hatoki mchana bila sababu. Anakaa. Akitaka kitunguu, anatuma mtu. Kila alipojifungua, ingawa aliyeishi ni mimi tu, walimfungia ndani siku arobaini na supu, samli na uji wa pilipili manga. Akipungua kidogo, majirani walimwuliza baba kwa mzaha kama biashara imekwama, mbona mke hali. Akinenepa, walisema mashallah, amenawiri, mume anamtunza. Miaka ishirini na mitano walimsifu kwa kukaa. Alipotaka kusimama, wakamwita gunia.

Jioni ile, mjomba alipokwenda kuswali, tulifunga mlango wa duka tukampima mama kwenye mizani ya mchele, ile ya chuma yenye ubao wa kusimamia. Ratili mia mbili thelathini na nne. Mama aliifanyia hesabu ya kizee.

"Frasila sita na nusu," akasema. "Mchele wa arusi nzima."

Hakucheka. Nilichukua daftari la shule, nikaandika uzito huo kwenye ukurasa wa kwanza. Nilikuwa mtu wa kupenda kuandika mambo yanavyokwenda, na daftari lile ninalo mpaka sasa. Ndiyo maana siwezi kudanganywa na wanaosema kwamba mama hakujitahidi.

Zoezi la kwanza lilikuwa wazo la mjomba, na watu wote walilisifu. Mahujaji hutembea mara saba kati ya Safa na Marwa. Basi, alisema, dada ajizoeze: mara saba kutoka duka letu mpaka msikitini, kila siku baada ya alasiri. Mwalimu wa madrasa akasema ni jambo zuri sana, nia ikiwa safi hata hatua za Iringa zinaandikwa. Mjomba akarudi Mbeya akiwa ameridhika.

Umbali kutoka dukani mpaka msikitini ulikuwa mfupi kwa mtu kama mimi. Lakini barabara ilikuwa ya mawe na inapanda, na ratili zile zote zilishuka juu ya magoti mawili ambayo kwa miaka mingi hayakufanya kazi ila kukunjwa. Kwa wiki ya kwanza mtaa mzima ulitoka nje kumtazama. Wanawake walisimama milangoni na nyungo zao. Watoto walihesabu kwa sauti: "Tatu! Nne!" Fundi cherehani mmoja, mtu wa utani, alikuwa akiinuka kila mama anapopita.

"Hajjati, umefika Marwa?"

"Nimefika kwako, shetani," mama alimjibu. "Ngoja niokote kijiwe."

Watu walicheka, naye alicheka, lakini usiku alikuwa akilala na vitambaa vya maji ya moto magotini. Wiki ya tatu goti la kushoto lilivimba likawa kama boga. Nilimwandikia mjomba. Alijibu kwamba maumivu katika jambo la kheri yana thawabu, asikate tamaa. Mama aliisikiliza barua, akavaa makubadhi, akatoka kwenda kumaliza saba zake. Mara ya tano akaanguka mbele ya duka la mafuta ya taa.

Hata wakati huo hawakusema tuache. Walisema tubadilishe. Jirani mmoja alisema dawa ni kutwanga, kwa sababu wanawake wa vijijini wanatwanga na hawanenepi. Mama akatwanga mpunga akiwa amekaa kwenye kiti, wiki mbili, mabega yakajaa, njaa ikaongezeka. Mwingine alisema apande kilima cha Gangilonga asubuhi na mapema. Alifika kwenye mawe ya chini, akakaa, tukamrudisha kwa gari la mkaa. Wiki sita za kutembea, kutwanga na kupanda: daftari linasema ratili nne. Ratili nne, na goti moja lisilokunjika.

Nikampeleka hospitali ya serikali. Daktari alikuwa Mzungu, mrefu, mwenye haraka, na dresa, mfunga vidonda wa hospitali, ndiye aliyetafsiri. Daktari alilibonyeza goti, akamsimamisha mama, akamkalisha, akasema maneno mengi. Dresa akayafupisha.

"Anasema nani aliyemtembeza hivi."

Nikamweleza. Daktari akatikisa kichwa, akasema tena.

"Anasema asitembee tena namna hiyo. Mtu mzito akitembea, goti linabeba kila kitu. Anasema aogelee. Majini maji ndiyo yanabeba, mwili unafanya kazi, goti halijui." Dresa akamtazama mama, akaongeza la kwake: "Sasa, mama, utaogelea kwenye pipa?"

"Mwanangu," mama akamwambia, "mimi nilijua kuogelea kabla mama yako hajazaliwa."

Nilidhani anamjibu dresa kwa ubishi tu. Tulipofika nyumbani akanieleza. Kijijini kwao kulikuwa na mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko, na bibi yake alikuwa akiwapeleka wasichana wote kuogelea maji yanapojaa, kwa sababu wanawake walivuka pale kwenda mashambani na asiyejua kuogelea alikuwa mzigo. Alivuka kila siku mpaka alipoolewa. Toka hapo, miaka ishirini na mitano na zaidi, maji aliyoyajua ni ya kata na ndoo.

Mto Ruaha Mdogo unapita chini ya mji. Upande mmoja, mbali na daraja, unapinda, maji yanatulia na kuwa kama bwawa, na hapo wanawake wa Kihehe walikuwa wakifua. Tulishuka siku ya Jumamosi saa nne, jua likiwa limeshapasha mawe. Mama alivaa gauni la zamani la mikono mirefu, juu yake kaniki mbili zilizofungwa mpaka kwenye kifundo cha mguu. Kulikuwa na wanawake wanne na bibi mmoja mzaliwa wa Idodi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye alifua mashuka ya nyumba za maofisa.

"Kamwene, mama," bibi akasalimu. "Unaoga au unahama?"

"Kamwene. Nahama, bibi. Huko juu wamenichosha."

"Mamba hapa hakuna. Maji baridi, wao hawapendi. Ingia, lakini usiyamalize, sisi bado hatujasuuza."

Wote wakaangua kicheko. Mama akaingia akinishika mkono, maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani. Kisha akaniachia. Nilipiga kelele. Yeye alikuwa ameshalala chali, kaniki zikamzunguka kama jani la yungiyungi, akapiga miguu mara tatu, nne, akavuka upande wa pili na kurudi. Goti lile lililokataa kukunjika kitandani lilikunjika majini bila kumwuliza. Alipofika kwangu alikuwa anahema na uso wake ulikuwa uso ambao sikuwa nimewahi kuuona, wa msichana mkorofi.

"Umeona?" akasema. "Sina uzito hata wa kanga."

Bibi wa Idodi hakucheka tena. Alichukua mashuka yake yaliyokwisha fuliwa, akayatanda juu ya vichaka upande wa njia, moja baada ya jingine, yakawa ukuta. Tangu siku ile, kila tulipokuja, aliyatanda hapo kabla hatujafika.

Sitaki kusema kwamba maji yalifanya muujiza. Mwezi wa kwanza mizani haikusogea hata ratili moja, na sababu niliiona kwa macho yangu: kuogelea kunaleta njaa ambayo kutembea hakuileti. Mama alitoka mtoni akitetemeka, akala mihogo ya kukaanga ya watu wawili, akasema baridi imemwingia mifupani. Tukabadilisha. Nilibeba uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, anywe akiwa bado ana nguo mbichi, ndipo tupande mlima polepole na fimbo, tukipumzika mara kadhaa njiani. Wali wa usiku akauacha mwenyewe. Tukawa tunakwenda mara tatu kwa wiki, kisha mara tano. Mwanzoni alivuka mara mbili akachoka. Kufikia mwisho wa jua kali, kabla mvua hazijaanza, alikuwa anavuka mara thelathini, na goti lilikuwa limerudi kuwa goti. Miezi mitatu: ratili thelathini na moja. Aliinuka kutoka kwenye mswala bila kushika ukuta. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikasikia kimya, maana kila siku kuinuka kwake kulikuwa na mguno, na siku ile hakukuwa na mguno.

Mvua zikaja, mto ukawa mwekundu na wenye nguvu, tukasimama. Hilo tulilitegemea. Hija ilikuwa inaangukia wakati wa baridi, na mvua zikikatika tungekuwa bado na wiki za kutosha. Mama alizihesabu kwa vidole. Kilichokuja kabla ya mvua kukatika ni mjomba.

Kuna mtu alimwandikia. Sijui nani na sikutafuta. Alifika na basi la Mbeya, akaingia ndani bila kunywa chai, akamwita na mwalimu wa madrasa akae awe shahidi.

"Dada, ni kweli?"

"Kipi?"

"Mwanamke mtu mzima, mjane, amenuia Hija, anacheza majini na wafua nguo?"

"Sichezi. Tazama." Mama akasimama, akakaa, akasimama tena. Mbele ya ndugu yake, bila mkono wa mtu. Nilitaka kupiga makofi.

Mjomba hakutazama miguu. Alitazama sakafu.

"Ulikuwa umevaa nini?"

"Gauni na kaniki mbili, mpaka hapa."

"Kaniki ikilowa, dada, inasema yote."

"Inamwambia nani? Samaki?"

Mwalimu wa madrasa alikohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, na ningemheshimu maisha yangu yote kama angekiachia. Lakini mjomba alimgeukia, naye akasema kwamba kupungua ni jambo jema, ila kuna njia za heshima na njia zisizo na heshima, na watu wanaweza kusema. Watu walewale waliotoka na ungo kumtazama akichechemea barabarani. Mwanamke mzito kuanguka mbele ya duka la mafuta ya taa, mbele ya wanaume thelathini, hiyo haikuwa aibu. Mwanamke kuelea nyuma ya mashuka, mbele ya wanawake watano, hiyo ndiyo ilikuwa aibu.

Nilisema hivyo. Kwa sauti. Mjomba aliniambia kwa upole, "Mwanangu, shule imekufundisha kusoma, haijakufundisha kunyamaza." Kisha akamwambia mama maneno yaliyomaliza mjadala: "Dada, unasafiri kwa jina langu. Mtoni, au Makka. Chagua wewe."

Akamchukua Mbeya siku ya pili, ili afanye mazoezi chini ya macho yake.

Nilimfuata likizo ya shule. Mbeya ilikuwa baridi, mvua nyembamba hazikatiki, ukungu umekaa juu ya mlima Loleza kama kilemba. Mama alikuwa amepewa jembe alime bustani ya wifi yake asubuhi, na jioni apande njia ya mlimani na mtumishi mmoja nyuma yake. Goti lilikuwa limevimba tena. Chakula alikula cha pale, cha wageni, wali na nyama ya mafuta, maana mgeni anayekataa chakula anamtukana mwenyeji. Hakuna mizani niliyoihitaji. Nilimwona akiinuka kunipokea, akashika ukuta, na mguno umerudi.

Mjomba alikuwa na duka karibu na kilabu cha Wazungu, na kilabu kile kilikuwa na bwawa la kuogelea lililojengwa kwa saruji. Kila mtu mjini alilijua. Siku moja, kwa hasira tu, nilikwenda mpaka langoni. Mlinzi alikuwa Mnyakyusa wa makamo, amevaa koti la jeshi.

"Ugonile, binti," akanisalimu kikwao. "Unatafuta kazi?"

"Natafuta maji. Mama yangu ameambiwa na daktari aogelee."

Alinitazama kuona kama ninatania. "Daktari yupi?"

"Mzungu. Wa Iringa."

"Basi akamwogeleshe yeye." Akacheka, kisha akaona sikucheka. Akashusha sauti. "Dada yangu, bwawa hili nalijaza mimi. Nalisafisha mimi, majani nayatoa mimi na chandarua. Miaka minne. Sijaingiza hata kidole cha mguu. Sasa mama yako ataingiaje?"

"Nani anaogelea saa hizi, na baridi hii?"

"Nani? Hakuna mtu. Miezi hii hawaingii, wanasema maji baridi. Yamekaa tu."

Nilichungulia. Kweli yalikuwa yamekaa tu, ya kijani, mvua inayatoboa. Nilirudi nikiwa na ghadhabu ambayo sikujua niigawanye vipi. Huku daktari ameandika dawa ambayo watu wake wameizungushia ua. Huku mjomba amefunga mto ambao haukuwa na ua. Mzungu angalau hakuniambia kwamba ananipenda.

Kiongozi wa msafara alikuja wiki tatu kabla ya safari. Alikuwa mzee mpole, na simlaumu sana, alikuwa na watu wengi wa kuwafikisha na kuwarudisha. Alimwomba mama ainuke kutoka kwenye zulia. Mara ya kwanza akashindwa. Mara ya pili akainuka kwa kushika mguu wa kiti. Kisha wakamwomba atembee mpaka msikitini na kurudi. Nilitembea nyuma yake. Mama alikwenda vizuri mpaka kwenye mfereji, hapo goti likaachia, akakaa juu ya ukingo wa mawe kwenye matope, na hakulia.

"Mwakani, inshallah," mzee akasema.

Nafasi ya mama ilichukuliwa na mke wa mjomba. Hakupimwa. Hakuinuliwa kwenye zulia. Alikuwa mnene kuliko mama alivyokuwa siku ile aliyotoka mtoni mara ya mwisho, hilo nalisema nikiwa na uhakika, lakini yeye alikuwa na mume wa kumshika mkono.

Nilimrudisha mama Iringa.  Tulipofika alilala siku mbili. Siku ya tatu, Jumatatu, saa nne asubuhi, akatoka dukani mbele ya mtaa wote na kaniki zake mkononi. Fundi cherehani akainuka.

"Hajjati, wapi leo?"

"Mtoni," mama akasema, na hakupunguza sauti. "Kamwandikie nani unayetaka."

Maji ya wakati ule wa mwaka yanauma kama sindano. Alikaa ndani dakika chache, siku ya pili dakika chache zaidi. Bibi wa Idodi alitanda mashuka, mama akamwambia, "Yaache, bibi, yatakauka vibaya." Bibi akayatanda vilevile. Kiangazi kizima alikwenda, na daftari langu la miezi ile lina mstari mmoja tu kwa kila wiki, kila mstari mdogo kuliko uliopita.

Mjomba alikuja tena kabla mvua hazijaanza, safari hii anaitwa Haji, na kanzu mpya. Alikuja na wazee wawili wa mji na sahani ya tende. Nilitandika jamvi, nikaleta kahawa. Akaeleza jambo lake kwa heshima kubwa. Mtu asiyeweza kabisa kwenda Hija, kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona, anaweza kuhijiwa na mwingine. Yeye ameshahiji yake. Mwakani yuko tayari kwenda tena, kwa niaba ya dada yake. Nauli iliyowekwa itatosha. Kinachotakiwa ni mama aseme tu, mbele ya wazee hawa, kwamba yeye mwenyewe hawezi.

"Ni neno moja, dada. Sema siwezi, na Hija yako imepatikana."

Mama alikuwa ameketi mbele yao kwenye jamvi lilelile la dukani. Mmoja wa wazee akaanza kusukuma shanga za tasbihi. Mama akaikunja miguu, akainuka. Hakuharakisha. Hakushika kitu. Akachukua dele mkononi mwangu, akainama akawamiminia kahawa wote watatu, mmoja mmoja, akaanzia kwa mkubwa, akamalizia kwa ndugu yake. Kuinama na kuinuka mara tatu.

"Kunyweni, wazee wangu," akasema. "Sasa niambieni niseme nini."

Mzee mwenye tasbihi akasema, "Mama huyu anaweza."

"Naweza. Nimebakiwa na hitaji moja tu." Akamgeukia mjomba. "Mwakani unakwenda. Umesema mwenyewe, uko tayari. Basi twende wote."

Mjomba akanywa kahawa. Akasema biashara, akasema watoto, akasema mwakani ni mbali. Dakika moja kabla alikuwa tayari kwenda kwa jina lake. Kwenda pamoja naye, hapo mwaka ukawa mbali. Wazee walitazama vikombe vyao. Nilingoja mmoja wao aseme lililokuwa wazi, na hakulisema.

Mjomba akatazama saa, akasema basi la Mbeya linaondoka saa nane, asije akaachwa.

"Nitakusindikiza," mama akasema.

Wakaenda kwa miguu. Mimi nilikuwa nyuma na begi lake. Ni kupanda mpaka stendi, na jua lilikuwa kali. Mama alitembea bila fimbo, mikono nyuma. Mjomba alisimama mara mbili kuvuta pumzi, akasingizia kurekebisha kiatu, na mara zote mbili mama alisimama hatua kumi mbele yake, akamngoja, akimtazama. Kwenye basi alimpa mkono kama desturi, akamwombea safari njema.

Mjomba hakumpeleka mwakani, wala mwaka uliofuata, na hakuna mwanamume mwingine aliyekuwa na haki ya kumpeleka. Mama hakusema siwezi mpaka alipokufa.